Msala wa Ndani, Bomba la Hewa na Maji ya Kisima
(Hotuba kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi, Mafia)



Nimetakiwa niseme machache juu ya ujenzi wa misala ndani ya nyumba. Huenda wapo watakaouliza: jambo hili lahusu nini ushirika wa nazi na korosho? Lahusu sana. Mwanachama akiisha kuuza mazao yake hutengeneza nyumba, na siku hizi wengi huacha choo cha uani wakaweka sinki la choo na bafu ndani. Fedha hiyo ni jasho lake. Haifai ipotelee katika kazi mbovu, wala haifai imletee jirani maradhi.

Kwanza, harufu. Chini ya sinki la choo pana kipindo cha bomba kinachobaki na maji daima, kina chake sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo mlango baina ya nyumba na karo. Alexander Cumming, mtengeneza saa, alipata hataza ya kipindo cha namna hiyo Uingereza mwaka 1775, na hadi leo kipindo chenye maji kingali kikitumika. Lakini mlango huo huweza kufunguka. Maji mengi yamwagwapo kwa nguvu hujaza bomba, yakavuta hewa nyuma yake. Hewa ikikosa njia, maji ya kipindo nayo huvutwa yakaondoka. Hapo harufu na mende hupanda nyumbani, na mwenye nyumba humlaumu fundi wa sinki.

Dawa yake ni bomba la hewa. Lianzie karibu na kipindo, lipande wima, lipite paa kwa nusu mita au zaidi. Lisiishie chini ya paa wala karibu na dirisha.

Pili, mteremko. Bomba la choo liwe la inchi 4, na kila mita 1 lishuke sentimita 2.5. Likilala, uchafu hukaa. Kila linapopinda nje ya nyumba pajengwe chemba yenye mfuniko, ili likiziba lizibuliwe bila kuvunja sakafu.

Tatu, mbu. Mbu wanaoeneza matende na mabusha katika pwani yetu huzaliana sana katika makaro. Kule Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 watafiti walifunika maji ya vyoo kwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea, na mbu wakapungua sana. Kwa hiyo mfuniko wa karo uzibwe kwa saruji pasipo ufa, na mdomo wa bomba la hewa ufungwe wavu usioshika kutu, kwani upepo wa bahari hula wavu wa chuma upesi.

Nne, na ndilo kubwa, kisima. Maji yetu matamu ni mvua iliyozama ardhini, nayo yaelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya kawaida ni mita 30 baina ya shimo la maji taka na kisima. Lakini penye jiwe la matumbawe, kama Juani na Jibondo, nyufa za mwamba huweza kupitisha uchafu mbali kuliko mchanga. Basi pale mita 30 zisitutie usingizi. Karo lijengwe kwa kuta na sakafu ya saruji, na shimo la kunyonya lisichimbwe hata likafikia maji. Mwenye kufikia maji kwa shimo lake amechimba kisima cha pili, nacho ni cha kipindupindu.

Ndugu Wanachama, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza kila nyumba iwe na choo. Kukiingiza choo ndani hakukuondoa wajibu ule, kumeuongeza.

Naomba basi kila chama kifanye mambo mawili. La kwanza, katibu aandikishe wanachama wanaokusudia kujenga, ili mabomba, kona na nyavu viagizwe kwa pamoja. Vitu hivi huvuka bahari kutoka Nyamisati, na kona moja iliyosahauliwa hulaza kazi hadi safari nyingine. La pili, kabla ya shimo kuchimbwa, wajumbe wawili wa kamati wapime hatua hadi visima vyote vya karibu, vya jirani pia. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Kisima kikiisha kuharibika, asubuhi moja haitakitengeneza.