Lami ya Kwenye Ramani

(Maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa Watanzania waishio Leicester na miji jirani)



Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kazi ya kuchora ramani kwa kujitolea, maana wengi hapa mliianza wakati wa Korona tulipofungiwa ndani. Mimi si mtaalamu wa ramani, ni muuguzi. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu: barabara tunazozichora tunaziandika kuwa ni za nini? Lami, changarawe au udongo?

Kwa wasioijua, OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa hapa hapa Uingereza mwaka 2004, na inachorwa na watu wa kujitolea. Kwetu Tanzania ilipata nguvu mwaka 2015, Ramani Huria ilipoanza kuchora mitaa ya Dar es Salaam kwa sababu ya mafuriko, na Crowd2Map nayo ikaanza kazi ya vijijini. Unakaa na kompyuta yako, unafungua picha ya setilaiti, unachora mstari juu ya barabara, kisha unaandika ni barabara ya namna gani. Ni kazi njema na mimi bado naifanya.

Sasa sikilizeni. Aprili 2023 nilikwenda nyumbani, bonde la Kilombero, kwenye arobaini ya baba yangu. Usiku wa pili tukagongewa mlango. Binti wa jirani, miaka 24, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza zahanati, kondo la nyuma likagoma kutoka na damu ikawa haikatiki. Kijana mmoja aliyekuja msibani na Noah yake kutoka mjini akakubali kutupeleka hospitali.

Njia zilikuwa mbili. Ya juu ni ndefu, changarawe. Ya chini ni fupi, na simu ya yule kijana ikasema tupite hiyo. Baba mdogo akasema, "Pitieni juu, huko chini masika hakupitiki." Mimi, muuguzi kutoka Ulaya mwenye shahada yake, nikamjibu, "Baba mdogo, ramani inaonyesha huku kuna lami." Akanyamaza.

Hakukuwa na lami. Kulikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi ni mgumu kama saruji na masika unameza gurudumu zima. Tulikwama karibu saa mbili mpaka trekta la mpunga lilipokuja kutuvuta. Muda wote huo nilikuwa nyuma ya gari, nasugua tumbo la yule binti ili mfuko wa uzazi ukaze, huku nikimsemesha asilale.

Alipona, Mungu ni mwema. Mtoto naye yupo. Lakini mfuko wa uzazi ulibidi utolewe. Kwa hiyo huyo wa kwanza ndiye wa mwisho.

Niliporudi Leicester nikafungua ile ramani kwa hasira, nimjue mjinga aliyeandika lami. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya na tarehe yake. Nikakuta jina langu mimi mwenyewe, Januari 2021. Nilikuwa nimeona kwenye picha mstari mweusi ulionyooka, nikaandika lami, nikaenda kwenye barabara nyingine. Nilichora mamia kipindi kile, hata sikuikumbuka.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama mjamzito hufa kwa ucheleweshwaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Ule wa pili, wa njiani, safari ile niliuleta mimi kwa kidole changu nikiwa nimekaa sebuleni.

Ndugu zangu, humu ndani kila tukikutana tunawasema viongozi. Tunasema wanakaa ofisini Dodoma wanasoma taarifa kwamba mradi umekamilika, wakati hawajakanyaga kijijini. Ni kweli. Lakini mimi nilifanya nini tofauti? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua kuna atakayesema: dada, tatizo ni barabara, siyo ramani. Waulize TARURA, walioundwa mwaka 2017 kushughulikia barabara za wilaya na vijijini. Sawa, tuwaulize. Lakini tutaidaije lami ambayo sisi wenyewe tumeshaandika kwamba ipo? Ramani ya uongo inamsaidia asiyejenga.

Uuguzi una sheria moja: hukupima, usiandike. Nikikuta nafasi ya presha iko wazi, najua ya kufanya, nitapima. Nikikuta namba ya kubuni, nitaiamini, na mgonjwa atakufa mbele yangu nikiwa na amani. Na namba bila saa iliyopimwa haina maana. Barabara ni hivyo hivyo. Ya changarawe ya mwaka jana inaweza kuwekwa lami mwaka huu, na ya lami inaweza kuliwa na mvua mbili.

Kwa hiyo naomba tufanye hivi. Kwanza, ukiwa huku, chora mstari lakini usibuni aina ya barabara. Ukiona wazi kwamba haina lami, andika hivyo tu, basi. Ukiwa na shaka, acha wazi. Programu za kuonyesha njia zinakadiria mwendo kwa kutazama tulichoandika, kwa hiyo "lami" ya kubuni ni mbaya kuliko kimya.

Pili, piga simu nyumbani. Kuuliza si ujinga. Muulize dereva wa bodaboda: inapitika Machi? Maana picha nyingi zilizo wazi bila mawingu ni za kiangazi. Tena usinakili ramani nyingine, hairuhusiwi.

Tatu, andika tarehe ya uhakiki. Nafasi yake ipo, wengi tunairuka. Na ukienda likizo, weka StreetComplete kwenye simu, tembea, jibu maswali yake. Hata barabara iliyokwisha jazwa, ikipita miaka inakuuliza tena.

Mimi nimeanza na zangu. Kila nisiyoweza kuitolea ushahidi nimefuta neno lami. Ile ya chini nimeisahihisha kwa maneno ya baba mdogo. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, mbona ulikuwa na mimi pale pale, ukaiuliza simu?"

Sikuwa na jibu. Naomba kuwasilisha.