Mafunzo ya Kujihami kwa Wanawake wa Kata ya Vidunda: Nani Hufika Polisi Kwanza?

Washiriki wa semina hii hawahitaji kuelezwa kwa kirefu ukatili wa kijinsia ni nini. Kuna wa kipigo, wa ngono, wa matusi, na ule wa kunyang'anywa mahindi mwanamke akishayavuna. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa; ule wa 2022 ulipata asilimia 27. Mengine yamo kwenye MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto.

Je, mafunzo ya kujihami yanasaidia? Nairobi wamejaribu. Korogocho, mtaa wa mabanda jijini humo, kuna kikundi cha bibi wazee, Shosho Jikinge, wanaofanya mazoezi ya ngumi na kupiga kelele. Kwa wasichana wa shule za mitaa ya mabanda, utafiti uliochapishwa na jarida la Pediatrics mwaka 2014 ulikuta mashambulizi ya ngono yamepungua kwa asilimia 38 ndani ya mwaka, na zaidi ya nusu ya wasichana walisema mbinu walizofundishwa zimewasaidia kujinasua.

Mbinu zenyewe ni nyepesi. Ukishikwa kifundo cha mkono, usivute kinyumenyume. Zungusha mkono kuelekea dole gumba la aliyekushika, maana hapo ndipo mshiko unapolegea. Fumbua kiganja, kipandishe puani mwake. Piga yowe, kisha kimbia. Yote hayo yafanyiwe mazoezi kwa kanga na kandambili, kwenye njia ya mteremko, kwani hakuna anayekwenda shamba na raba.

Ugumu unaanza mwanamke akishajinasua.

Anayetoka shamba ana panga au jembe mkononi. Akikabwa, atalitumia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inampa mtu haki ya kujitetea na kumtetea mwenzake, ila kwa nguvu inayostahili. Na pale anapohofia kwa sababu za msingi kuuawa au kubakwa, haki hiyo inaweza kufika hata kwenye kusababisha kifo. Sheria iko wazi kiasi hicho. Lakini mwenye jeraha la panga ndiye mwenye damu ya kuonyesha. Anateremka mapema kutoka huku mlimani hadi barabara ya Mikumi–Ifakara, anaingia kituo cha polisi, anaomba PF3, yaani fomu ya polisi ya kupimwa na kutibiwa majeraha, anafungua jalada la kujeruhi. Mwanamke, ambaye alama zake ni michubuko ya shingo inayofifia baada ya siku chache, anabaki mlimani akisubiri wazee wayamalize. Akija kushuka, anashuka kama mtuhumiwa.

Mada hii hailaumu chombo chochote. Askari huandika anacholetewa. Hata hivyo, ni vigumu kukaa kimya unapoona mafunzo yanamalizwa kwa picha ya pamoja na cheti, bila saa moja ya kueleza jalada linafunguliwaje. Na "suluhu" za mbuzi mmoja na pombe, kwa kosa la ubakaji, ambalo kifungo chake huanzia miaka 30, zinaendelea kuitwa busara.

Inapendekezwa, kwanza, somo la PF3 liwe sehemu ya kila mafunzo. Aliyejihami aripoti siku hiyohiyo kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na mtendaji aandike saa ya taarifa. Mhudumu wa zahanati aandike michubuko kabla haijafifia. Wanawake wafundishwe kutupa panga kando pale pigo la kiganja linapotosheleza. Mgambo na mkaguzi wa polisi wa kata wahudhurie na kukisoma kifungu cha 18 pamoja na wanawake, kwa Kiswahili. Wanaume nao waitwe, kwani yowe lisiloitikiwa na jirani halina kazi, na nyumba za huku ziko mbalimbali. Kamati ya ulinzi ya kijiji ikatae suluhu kwa kesi za ubakaji. Halmashauri itenge nauli ya dharura ya mwathirika na shahidi mmoja kufika kituoni. Somo la PF3, inarudiwa kwa makusudi, lisiachwe siku ya mwisho mchana, washiriki wakishaanza kuulizia posho.

Nauli hiyo ya dharura iwekwe kwa mtendaji wa kata, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu.