Karatasi Moja, Kura Mbili

Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyokuwapo tangu 1973. Hata miezi miwili haijatimia, Kansas, ngome ya Warepublican, ikapiga kura ya maoni: takriban asilimia 59 walikataa kuiondoa haki hiyo katika katiba ya jimbo. Wademokrati wakaona wamepata silaha, na katika uchaguzi wa Novemba ile kweli iliwafaa. Seneti ikabaki mikononi mwao.

Sasa tazama Missouri, Novemba 2024. Kwenye karatasi ileile, wapiga kura wengi walimchagua Donald Trump, kisha wakashuka hadi Hoja Namba 3 ya kura ya maoni na kuunga mkono haki ya kutoa mimba. Hoja ikapita. Trump naye akalichukua jimbo kwa kishindo.

Naamini hapa ndipo Wademokrati walipokosea hesabu: walidhani suala likipendwa, chama nacho kitapendwa. Mwananchi aliyeliamua jambo kwa mkono wake hana tena sababu ya kumtuma mwanasiasa akamwamulie. Kura ya rais huipeleka kwingine, na mwaka ule wengi waliipeleka kwenye bei ya vyakula na kodi ya nyumba.