Msimamizi wa Mahakama Naye Husimamiwa
Maneno kwa wakazi wa Kisiwa cha Nkombo, Wilaya ya Rusizi



Wengi wenu mnaishi kwa sambaza wanaovuliwa usiku na kupelekwa Kamembe au Bukavu. Hutokea mzigo ukatolewa leo na fedha zikangojewa mwezi ujao, kwa mkataba ambao muuzaji ameutia dole gumba bila kusomewa. Siku mnunuzi huyo akifilisika, muuzaji hubaki akijiuliza: nani atanilipa?

Jirani zetu wa Kenya waliliona jambo hili. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilikuwa tegemeo la maelfu ya wakulima wa miwa. Kiliposhindwa kulipa madeni, benki iliyokidai ilikiweka chini ya meneja mrasimu mwezi Septemba 2019. Mwaka 2021 mahakama ikamfanya meneja huyo kuwa msimamizi, naye akakikodisha kiwanda kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda kwa miaka 20. Waliopinga walikwenda mahakamani, wakisema kwamba mkataba haukutolewa kwa uwazi. Mwezi Aprili 2022 Jaji Alfred Mabeya wa Mahakama Kuu aliubatilisha, akamwondoa msimamizi, akamteua Kereto Marima mahali pake. Mabishano hayakuishia hapo, lakini somo lilikwisha kudhihirika: msimamizi si mwenye mali. Ameaminiwa mali ya watu, na aliyemwamini aweza kumwuliza hesabu.

Nasi Rwanda tunayo sheria ya ufilisi, Na. 075/2021 ya tarehe 06/12/2021. Kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi, wadai huitwa walete madai yao pamoja na ushahidi. Mikataba iliyoipunguzia kampuni mali yake isivyo haki, kabla haijaanguka, yaweza kupelekwa mahakamani ili ibatilishwe. Lakini asiyejitokeza kwa wakati, au asiye na karatasi, hata haki yake ikiwa nyeupe kama mchana, ni vigumu kuipata. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo nawasihi. Usitie sahihi usichokielewa. Omba usomewe kwa Kinyarwanda au kwa Amashi. Baki na nakala yako, na kila mzigo uandikiwe uzito, bei na tarehe. Mnunuzi akiwa ng'ambo ya mpaka, mkataba utaje ni mahakama ya nchi gani itakayoamua mgogoro.

Yapo pia mambo ambayo Polisi hatuwezi kuyafanya. Hatuna mamlaka ya kuvunja mkataba, wala hatumkamati mtu kwa sababu ya deni tupu. Hayo ni ya mahakama, na ofisi ya msaada wa sheria, MAJ, iliyopo wilayani, hutoa ushauri bila malipo. Lakini palipo na sahihi ya kughushi, udanganyifu au vitisho, hapo pana kosa la jinai: lipelekeni Ofisi ya Upelelezi, RIB, au mtujulishe bila kukawia. Msijichukulie sheria mkononi kwa kuzuia mtumbwi wa mdaiwa au kumpiga, kwani mwenye dai la haki hugeuka mshtakiwa.