Maji ya Paa Yapate pa Kwenda

(Hotuba iliyotolewa Kimisagara, Kigali, mbele ya wakimbizi waishio mjini na majirani zao, siku ya kuanza bustani ya mfano ya mimea ya asili.)



Nimeombwa niseme machache juu ya bustani hii tunayoianza mbele ya jengo la umma. Wako waliouliza: mkimbizi asiye na kiwanja atapanda mti wa nini? Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa habari ya Gihembe.

Kambi ya Gihembe, huko Gicumbi, ilianzishwa mwaka 1997, baada ya ndugu zetu kuuawa katika kambi ya Mudende. Tuliishi juu ya kilima kile kwa zaidi ya miaka 20. Kila mvua iliponyesha, maji ya mapaa yalikusanyika vichochoroni, yakashuka kwa nguvu na kuchimba udongo. Makorongo yakapanuka, yakazisogelea nyumba. Mwaka 2021 kambi ikafungwa kwa sababu ya hatari hiyo, nasi tukahamishiwa Mahama, wilaya ya Kirehe. Ardhi haikuwa yetu, lakini ilipoondoka ni sisi tuliojitwika mizigo. Maji hayaulizi nani mwenye hati ya kiwanja.

Sasa tazameni hapa. Kimisagara imekaa ubavuni mwa mlima, nyumba zimebanana, na maji yake hushukia ruhurura ya Mpazi mpaka Nyabugogo, ambako mafuriko si habari ngeni. Kigali hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, lakini tangu Juni hadi Agosti ni vumbi tu. Paa la meta za mraba 200, likipata mvua ya milimita 20, humwaga lita 4,000. Hizo ni bidoni 200 za lita 20, kwa mvua moja! Nani kati yetu hajawahi kununua bidoni ya maji wakati wa kiangazi?

Bustani hii itatufundisha mambo matatu.

Kwanza, kukinga maji. Mfereji wa paa utapeleka maji kwenye tangi. Yatakayozidi yatapita bustanini polepole, na mabaki yataingia kwenye mfereji uliojengwa kwa mawe. Lakini sikilizeni vizuri: mtu asichimbe shimo la kunyonyesha maji juu ya nyumba ya jirani, wala ukingoni mwa mteremko mkali. Udongo ukilowa sana huporomoka. Mahali pa namna hiyo, tangi na mfereji wa mawe ndiyo salama.

Pili, kuchagua mimea inayoijua nchi hii. Umuko huangusha majani wakati wa ukame, na bado hutoa maua mekundu. Umusave hutoa maua ya manjano na miti ya kujengea. Umubirizi, ambao wazee wetu huujua kwa uchungu wake, hukatwa na kuchipua tena. Igikakarubamba, yaani shubiri, huweka maji ndani ya majani yake. Kwenye kingo tutaweka mabingobingo, mizizi yake ishike udongo. Umuvumu, uliokuwa ua wa nyumba za wazee, huota kwa kuchomeka kijiti tu, lakini mizizi yake ni mikubwa. Upandwe mbali na kuta.

Tatu, kutunza. Tupande mvua za Septemba na Oktoba zinapoanza, ili mizizi ishuke kabla ya kiangazi. Tufunike udongo kwa nyasi kavu. Mmea wa asili nao ni mtoto: kiangazi cha kwanza lazima unyweshwe. Naomba kila kundi la nyumba lichukue juma lake la zamu, na majina yaandikwe mlangoni. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja ya umuganda. Kunywesha ni kazi ya miezi mitatu.

Wanaotaka kuona zaidi waende Nyandungu, hapa hapa Kigali. Bonde lile lililokuwa limeharibika lilifufuliwa na kupandwa miti ya asili kwa maelfu, na mwaka 2022 likafunguliwa kwa watu wote. Yetu ni bustani ndogo, lakini iko karibu na mlango, na kila anayekuja kwenye jengo hili ataiona na kuuliza.

Ndugu zangu, huenda wengine wetu watahama kabla umusave huu haujatoa kivuli. Hata hivyo, ujuzi wa kuyatuliza maji tutakwenda nao popote tutakapofika, na majirani watabaki na udongo wao mahali pake. Gihembe hatukuweza kuiokoa. Tuisaidie Kimisagara.

Sasa tushike majembe.