Unyoya Mmoja Upimwe

Msikilizaji, maji yakipwa kwenye hori zetu za Mombasa, utawaona vitwitwi wakikimbia juu ya tope, midomo yao ikidunga na kuchomoa, ikidunga na kuchomoa. Wengine wametoka Siberia. Wanatafuta minyoo na vikaa, wanenepe kabla ya safari ya kurudi kuzaa.

Mimi linalonikera ni lile tope. Kwa miaka mingi Kibarani lilikuwa jaa la taka la mji huu, ukingoni kabisa mwa hori la Makupa. Jaa limefungwa, miti imepandwa, na mwaka 2022 daraja jipya liliyarudishia maji njia iliyozibwa na barabara. Tunashukuru. Lakini metali zenye sumu hubaki: risasi haiozi, wala kadimiamu haiozi. Watafiti walishakuta metali nzito kwenye tope la Makupa na la hori la Port Reitz, na kupanda bustani juu hakuyaondoi yaliyozama chini.

Mnyoo humeza tope, kitwitwi humeza mnyoo, na kila mlo sumu huongezeka. Risasi hujificha mifupani. Kadimiamu hukaa kwenye figo. Zebaki huingia kwenye manyoya yanapoota, na jike huipitisha nyingine kwenye yai. Ndiyo maana unyoya mmoja tu ukipelekwa maabara hutoa habari, na ndege akaachiliwa mzima. Tena vitwitwi wengi wa Siberia hubadili manyoya ya mbawa wakiwa huku kusini, kwa hiyo unyoya wa bawa hushuhudia zaidi tope la huku kuliko la kwao.

Risasi tunaijua. Pale mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi, watoto kwa wazee. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarejeshea fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini upimaji ulikuja watu wakiwa wameshaugua.

Safari hii tupime mapema. Mamlaka ya mazingira, NEMA, na taasisi yetu ya utafiti wa bahari, ambayo makao yake yako hapa hapa Mombasa, zichukue tope, unyoya, kaa na chaza kila mwaka, na majibu yasomwe hadharani, kwa Kiswahili. Kaa tunayemnunua sokoni huenda naye ametoka kwenye tope hilo hilo. Mama anayempika ana haki ya kujua anawapakulia nini wanawe.