"Wanyongwe tu!" Je, sheria yasemaje?

Wenzangu, haya ndiyo niliyosema kwenye mjadala wa vijana hapa Likoni, nimeyakatakata yaingie kwenye uzi. Kama kawaida, hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

Kila vijana wa mapanga wakizua Kisauni, hukosi mtu jukwaani wa kusema "Wanyongwe!" Makofi. Na siwalaumu wanaopiga. Mtu aliyekatwa panga akitoka kazini usiku, utamwambia nini?

Lakini adhabu ya kifo Kenya ipo. Kisichokuwepo ni kunyonga kwenyewe. Mara ya mwisho ilikuwa 1987, gereza la Kamiti, kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo mtu anahukumiwa kifo, anakaa, halafu rais anambadilishia iwe kifungo cha maisha. 2009 walibadilishiwa zaidi ya 4,000 kwa mpigo.

Mombasa yetu imo kwenye hadithi hii. Julai 2010, Mahakama ya Rufaa ikikaa papa hapa, kesi ya Godfrey Mutiso, ilisema si haki jaji alazimike kutoa kifo kwa kila muuaji bila kupima mazingira. 2013 majaji wengine wa mahakama hiyohiyo wakakataa. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, kesi ya Muruatetu, ikakata shauri: kwa muuaji kifo kinaruhusiwa, ila si lazima.

Sasa hapa tulieni kidogo. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Wizi wa mabavu haumo. Na wizi wa mabavu, kifungu 296(2), hauhitaji mtu afe. Mkiwa wawili, ama una silaha hatari, ama umempiga mwenye mali, yatosha. Yaani aliyeua ana jaji wa kumpima, na aliyenyang'anya simu na mwenzake sheria yamwambia kifo, basi. Tena wa mauaji hupewa wakili na serikali. Huyu wa simu mara nyingi yuko mbele ya hakimu peke yake, anajitetea kwa Kiswahili cha mtaani.

Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na kisasi je?" Nikamwambia, mzee wangu, kwenye fikihi familia ya marehemu ina hiari: isamehe, ama ichukue diya. Kwa sheria ya Kenya kesi ni ya Jamhuri, hiari hiyo familia haina. Hakufurahi sana, lakini alitikisa kichwa.

Mimi siungi mkono kunyonga. Ushahidi wa "nilimtambua kwa taa ya bodaboda" hauwezi kubeba shingo ya mtu. Na yule kijana wa panga haogopi jaji. Anaogopa tairi la wananchi.

Mgombea akija tena na "wanyongwe", msimzomee. Muulizeni 296(2) ataifanyaje: aiache, airekebishe, ama hajawahi kuisoma?